Kondoa hadi Bahi kwa baiskeli: matatizo ya msafara na namna ya kuyatatua

Katika msafara wa baiskeli tatizo huonekana kwa mtu wa mwisho, lakini aghalabu limeanzia kwa mtu wa mbele, au limeanzia jana yake usiku. Anayeishiwa nguvu saa nane mchana huwa hakula vizuri asubuhi. Anayepata pancha tatu kwa siku moja mara nyingi ana mwiba uleule ndani ya tairi tangu pancha ya kwanza. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye dalili na kurudi nyuma mpaka kwenye chanzo. Huko porini, kutibu dalili peke yake kunamaliza viraka, maji na uvumilivu wa wenzako.

Njia ninayoizungumzia ni ya kufuata bonde la Mto Bubu. Mnaanzia Kondoa, kaskazini mwa mkoa wa Dodoma, Tanzania, mnateremka upande wa Farkwa wilayani Chemba, mnaendelea kwa barabara za vumbi na njia za ng'ombe mpaka Bahi, ambako mto unaishia kwenye mbuga kubwa, yaani tambarare la kinamasi, isiyo na mlango wa kwenda baharini. Kutoka Bahi mnarudi Dodoma mjini kwa lami, kilomita zipatazo 60. Wakati wake ni Juni hadi Oktoba. Mvua za huku huanza karibu na Desemba na kwisha Aprili. Kwa mwaka hazizidi sana milimita 600, lakini zikinyesha hunyesha kwa kishindo, na barabara hizi hazina ubishi na mvua ya namna hiyo.

Tairi linalala

Bonde la Bubu ni nchi ya migunga na mbigili. Mwiba wa mgunga ni mrefu na hutoboa papo hapo. Mbigili hutambaa chini, pembezoni mwa njia na kwenye viwanja vya vijiji, na mbegu zake zina pembe kali. Tairi linaweza kuokota kadhaa bila mpandaji kuhisi chochote. Kabla ya kushika solusheni, angalia tundu liko wapi, kwa sababu mahali pa tundu ndipo penye jibu.

Unapotoa tyubu, usiigeuze. Ilaze juu ya tairi, vali ikiwa mahali pake, ili ukipata tundu ujue ni sehemu gani ya tairi inayohusika. Tundu moja upande wa nje, ule unaogusa tairi, ni mwiba. Usibandike kabla hujaupata. Pitisha kitambaa polepole ndani ya tairi lote, nacho kitanasa pale ncha ilipo; kidole nacho kitaipata, ila kitatoka damu. Matundu mawili yaliyokaa sambamba yanasema tyubu ilibanwa kati ya ringi na jiwe, maana yake upepo ulikuwa mdogo kwa mzigo uliobebwa. Hapo kiraka hakitoshi, pampu ndiyo dawa. Tundu likiwa upande wa ndani, wa kwenye ringi, mkosaji ni kichwa cha spoku: mkanda wa ringi umesogea au umechakaa. Kata utepe kutoka kwenye tyubu kuukuu uuzungushe pale.

Tairi lililokuwa gumu jioni na asubuhi limelala ni kesi nyingine. Kwanza paka mate kwenye vali. Povu likitokea, kaza vali, au kama ni ile ya kizamani yenye kimpira, badilisha kimpira. Povu lisipotokea, tundu ni dogo na linahitaji beseni la maji. Omba beseni kwa mwenyeji, lakini usitumbukize tyubu kwenye ndoo ya maji ya kunywa. Mama wa nyumba hiyo huenda aliyatoa mbali kuliko ulikotoka wewe asubuhi hiyo.

Kiraka kinachobanduka baada ya kilomita chache kina sababu moja kubwa, nayo ni haraka. Kwangua tyubu kwa msasa mpaka ing'ae kwake iondoke, paka solusheni nyembamba, kisha subiri. Dakika tano hivi. Solusheni iwe haing'ai tena na haishiki kidole, ndipo uweke kiraka na kukikandamiza kwa nguvu. Kazi hii ifanyike kivulini, siyo katikati ya barabara yenye vumbi huku kundi zima limesimama juu ya kichwa chako likiuliza bado muda gani. Viraka vikiisha kabisa, kunja tyubu pale penye tundu na uifunge kwa uzi imara, au jaza tairi majani makavu yaliyoshindiliwa. Utaendesha taratibu, lakini utafika kijijini.

Na kijijini karibu kila penye senta kuna fundi baiskeli chini ya mti. Ni watu hodari, wanaopanga spoku kwa jicho. Lakini vifaa vyao ni vya baiskeli za huku: matairi ya inchi 26 na 28, vali nene, cheni nene. Mwenye baiskeli ya kisasa ya inchi 29 na vali nyembamba abebe tyubu zake na pampu inayoingiana nazo. Kundi likiwa na baiskeli za aina moja, shida nusu zimekwisha kabla ya kuondoka.

Usukani unayumba, gurudumu la mbele linazama

Mmefika kwenye korongo. Huku korongo ni mto wa mchanga, mpana, mkavu kwa miezi mingi, na mtaukata mara nyingi kwa siku. Mchanga huo una historia. Milima ya Irangi, juu ya Kondoa, iliharibiwa na mmomonyoko kiasi kwamba mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika zaidi. Miti imerudi kwenye milima ile, na ni jambo la kujivunia. Lakini udongo uliokwisha kushuka haukupanda tena. Upo chini ya magurudumu yenu.

Anayezama mara nyingi ana mambo matatu kwa pamoja: tairi gumu mno, gia nzito, na mwili ulioegemea mbele kwa hofu. Punguza upepo mpaka kidole gumba kibonyeze tairi kidogo. Weka gia nyepesi kabla ya kuingia mchangani, maana ukishaingia umechelewa. Kaa nyuma kwenye kiti, mikono ilegee, miguu isiache kuzunguka, na usikate kona. Mzigo uliofungwa kwenye usukani uhamie nyuma. Kama mchanga ni wa kina cha kifundo cha mguu, shuka usukume, hakuna anayepewa zawadi kwa kupita amekaa. Mkishavuka jazeni upepo tena, wote, kabla ya mtu yeyote kuondoka. Wanaosahau hatua hiyo ndio watakaopata yale matundu mawili sambamba kwenye jiwe la kwanza.

Wa mwisho hafiki, au anafika amechoka kupita kiasi

Hili ndilo tatizo kubwa la safari ya kundi, na ndilo linalotibiwa vibaya kuliko yote. Watu humtazama yule wa mwisho: ana baiskeli mbovu, hakufanya mazoezi, amebeba vitu vingi. Huenda ni kweli. Lakini tazama kinachotokea kivulini. Wa mbele wamefika, wamekaa dakika ishirini, wamekunywa, wamenyoosha miguu. Wa mwisho anaingia, nao wanainuka. Kwa hiyo aliyechoka kuliko wote ndiye anayepumzika kidogo kuliko wote, na kila kituo kinamchosha zaidi. Kufikia alasiri amekwisha, na kundi linasema hana uwezo.

Tiba iko mbele. Anayeweka mwendo asiwe bingwa wa kundi, awe mtu wa uwezo wa chini ya wastani, na asipitwe. Mapumziko yaanze kuhesabiwa mtu wa mwisho anapokaa chini, siyo wa kwanza anapofika. Bingwa akae nyuma kabisa awe mfunga mkia: yeye ndiye mwenye begi la vifaa, solusheni, kamba na sanduku la huduma ya kwanza. Hapiti mtu, hata kama mtu huyo amesimama kupiga picha. Nguvu zake zina kazi huko nyuma kuliko mbele.

Kupotea kuna chanzo kilekile. Njia za ng'ombe hugawanyika kila mara, na aliye mbele huamua kwa sekunde moja bila kumwambia mtu. Sheria yetu ni rahisi: kwenye njia panda huondoki mpaka anayekufuata amekuona umeelekea wapi. Kila mmoja anamngoja mmoja tu, na kundi zima linabaki limeunganika hata likinyooka kwa kilomita mbili. Msitegemee simu, mtandao hukatika mabondeni. Mkiuliza njia, ulizeni watu wawili, na msiulize ni kilomita ngapi. Ulizeni mtu mwenye baiskeli anatumia muda gani mpaka kijiji kinachofuata.

Kundi likizidi watu wanane hadi kumi, ligawanywe mawili, kila moja na mweka mwendo na mfunga mkia wake.

Kichwa kinauma

Hapa pana hatari ya kutoa dawa moja kwa magonjwa manne.

Kichwa kinachouma pamoja na kinywa kikavu, mkojo mchache wa rangi ya chai na misuli inayokaza ni upungufu wa maji. Mtu anayeendesha kwenye joto la huku anahitaji kati ya nusu lita na robo tatu ya lita kwa saa, kwa mafundo madogo madogo. Maji matupu hayatoshi, jasho limetoka na chumvi. Tengeneza mchanganyiko: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Usizidishe chumvi kwa kudhani ndiyo dawa kali zaidi.

Kichwa kinachouma pamoja na kichefuchefu, tumbo kujaa maji, vidole kuvimba na mkojo mweupe kama maji ni kinyume chake: mtu amekunywa maji matupu mengi mno na chumvi ya damu imeshuka. Huyu ukimpa maji zaidi unamdhuru. Asimamishe kunywa, ale kitu chenye chumvi, apumzike. Akianza kuchanganyikiwa, kutapika sana au kusinzia ovyo, apelekwe hospitali.

Mtu aliyeanza kusema maneno yasiyoeleweka, anayepepesuka, ngozi yake inachoma, hata kama bado anatoka jasho, amepigwa na joto. Hilo haliwezi kungojea mwisho wa siku. Mlaze kivulini, mvue nguo za juu, mmwagie maji mwili mzima na kumpepea bila kuacha, huku mmoja akitafuta bodaboda au gari. Maji ya kunywa ya kundi yanatumika hapa bila kuyaonea uchungu.

Na kichwa kinachokuja na homa na baridi, hasa jioni au siku kadhaa baada ya kulala karibu na maji, msikiite jua. Kipimo cha malaria kinapatikana kwenye zahanati na majibu hutoka kwa dakika chache. Chandarua kibebwe na kila mtu, hata kama uzito unauma.

Nguvu zimekatika ghafla, au watu wanagombana

Nayaweka pamoja kwa sababu chanzo ni kimoja. Mtu anayetetemeka mikono, anayehisi miguu haina nguvu, anayejibu wenzake kwa ukali, ana njaa ya sukari. Ugomvi mwingi wa saa saba mchana juu ya njia ipi ifuatwe huisha baada ya soda moja na maandazi mawili. Msingoje njaa iite. Baada ya saa moja ya kwanza kila mtu awe anatafuna kitu kila nusu saa: ndizi, ubuyu, karanga, kashata, mihogo. Usiku jazeni akiba, na huku chakula cha kujaza akiba kipo: ugali wa uwele au wa mtama kwa mlenda upande wa Ugogo, wali mkishafika Bahi kwenye mashamba ya mpunga. Anayeacha ugali wa usiku kwa sababu hajauzoea atadaiwa kesho yake.

Maji hayakati kiu, tumbo linauma

Visima vingi vya mkoa wa Dodoma vina maji ya chumvi. Ukiyanywa siku nzima kiu haiishi na tumbo hulegea. Mkipata kisima chenye maji baridi na matamu, jazeni vyombo vyote, hata kama bado mna maji. Penye korongo mtawakuta watu wamechimba mchangani wakapata maji safi kwa macho. Ombeni kwanza, shimo hilo lina wenyewe. Kisha chujeni kwa kitambaa safi na chemsheni mpaka yatokote, au tieni vidonge vya klorini na mngoje nusu saa. Ng'ombe na punda wanakunywa hatua chache kutoka hapo.

Msioge kwenye madimbwi, mabwawa na mifereji iliyotulia. Konokono wa humo hubeba kichocho. Aliyewashwa ngozi saa chache baada ya kuoga, au anayeona damu kwenye mkojo majuma kadhaa baada ya safari, amweleze daktari alioga wapi. Dawa yake ipo na inaponya.

Goti, mikono, makalio

Goti likiuma mbele, kiti kiko chini mno. Likiuma nyuma, kiko juu mno. Kipimo cha haraka: weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke bila nyonga kuinama. Mikono ikifa ganzi, pua ya kiti imeinama mbele na mwili wote unaning'inia kwenye viganja. Baiskeli ya kuazima ipimwe Kondoa kabla ya kuondoka, si siku ya tatu.

Cheni inalia, ringi inagusa breki

Cheni kavu inalia, na cheni yenye mafuta mengi inakusanya vumbi mpaka inasaga kama msasa. Ifute kwa kitambaa, tone moja kila kiungo, zungusha, futa tena mafuta ya nje. Msioshe baiskeli mtoni: maji huingia kwenye golori na kutoa grisi.

Ringi inayopiga kushoto na kulia, hasa ya nyuma, kwa kawaida ina spoku iliyokatika. Mzigo wa keria ndio uliosababisha. Isokote spoku iliyokatika kwenye jirani yake isipige, legeza kidogo zile mbili za pembeni zinazovuta upande wa pili, fungua breki kama bado inagusa, na ugawe mzigo kwa wengine mpaka kwa fundi.

Korongo lina maji, na hapa hakukunyesha

Kumenyesha milimani. Maji hayo yametoka mbali na yanaweza kuongezeka mkiwa mnayatazama. Yakifika magotini na yanakwenda kasi yanatosha kumwangusha mtu mzima, sembuse aliyeshika baiskeli yenye mzigo. Rudini ukingoni juu na mngoje. Makorongo ya huku hujaa haraka na hupungua haraka, mara nyingi ndani ya saa chache. Kwa sababu hiyohiyo hakuna kulala mchangani, hata kama pamelainika kuliko kitanda.

Mvua ikiwakuta kwenye udongo mweusi wa mbuga karibu na Bahi, tope litajaza nafasi kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu ligome kuzunguka. Usilazimishe, utavunja kitu. Toa madigadi, kwangua kwa kijiti, tembea kwenye nyasi. Nusu siku ya jua kali hubadilisha kila kitu.

Wenyeji wanawatilia shaka, mbung'o wanawafuata

Kundi la wageni wenye kofia ngumu likiingia kijijini bila salamu linatia wasiwasi, na ni haki. Shukeni kwenye baiskeli. Wakubwa waamkieni shikamoo. Mkishaingia Ugogo, salamu ya Kigogo "mbukwenyi" itawafungulia mlango. Kabla ya kutandika popote, mmoja wenu aende kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji ajieleze nyinyi ni nani na mnaelekea wapi. Njia za mkato kuelekea Pori la Akiba la Swagaswaga ziacheni, kule hakuingiwi bila kibali. Maeneo yenye mbung'o vaeni nguo za rangi ya udongo, kwani bluu na nyeusi huwavuta.

Siku ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote

Watu hudhani ni uchovu uliojikusanya. Sehemu ndogo tu. Chanzo kikubwa ni upepo na mwinuko. Wakati wa kiangazi upepo wa Dodoma huvuma kutoka mashariki na kusini mashariki. Mkiwa mnashuka bonde uliwapiga ubavuni, hamkuutilia maanani. Bahi mnageukia mashariki, na sasa uko usoni, huku Dodoma ikiwa juu ya Bahi kwa zaidi ya mita 200. Lami inawadanganya kwamba mtakwenda kasi.

Upepo huo hulala usiku na kuamka jua likishapanda. Ondokeni Bahi saa kumi na mbili asubuhi, mara tu panapoonekana, mkiwa mmekula. Pangeni mstari mmoja, gurudumu la mbele hatua mbili nyuma ya mwenzako, aliye mbele akae dakika tano tu kisha asogee pembeni na kurudi nyuma. Wadhaifu wakae katikati na wasipewe zamu ya mbele. Malori ya Singida ni mengi kwenye barabara hii, kwa hiyo msiendeshe wawili wawili hata pakiwa peupe. Ikifika saa nne na bado hamjafika nusu ya njia, yule aliyekuwa wa mwisho tangu jana apandishwe basi na baiskeli yake, na mmoja wenu apande naye.